Mashariki mwa RDC: Tunaulizana kabila, na udongo unaondoka

Tarehe 27 Juni 2025, mawaziri wa mambo ya kigeni wa RDC na Rwanda walitia sahihi makubaliano ya amani mjini Washington. Tarehe 19 Julai, wajumbe wa Kinshasa na wale wa AFC/M23 wakatia sahihi tangazo la kanuni mjini Doha. Karatasi hizo zinazungumza juu ya majeshi, FDLR, biashara kati ya inchi jirani, na kurudi kwa wakimbizi. Neno hilo la mwisho, kurudi, ndilo litakalotutesa siku bunduki zikinyamaza.

Kwa sababu mkimbizi anarudi wapi? Mwezi wa Februari 2025, baada ya Goma kuanguka, kambi za pembeni ya mji zilifungwa kwa haraka na maelfu ya familia wakachukua njia ya Masisi, Rutshuru na Nyiragongo. Kuna waliokuta nyumba imebomolewa, na kuna waliokuta mtu mwingine amelima. Mtu akisimama mbele ya shamba lake la zamani, swali ambalo lingemsaidia ni hili: mpaka wako ulipita wapi, na nani alikuwa jirani yako? Lakini swali analoulizwa kwanza ni lingine: wewe ni mtu wa wapi?

Swali hilo tunalijua wote. Linaulizwa pale unapotafuta nyumba ya kupanga Bukavu, unapopeleka barua ya kuomba kazi Bunia, kijana anapomtaja msichana anayetaka kumuoa huko Butembo. Mara nyingi linaulizwa kwa upole, hata kwa kicheko. Na tuseme wazi: kupenda watu wa kwenu si kosa. Mitualite zetu, vile vyama vya watu wa kabila moja, zimezika wafu ambao serikali haikuwajua, zimelipia wanafunzi karo, zimewapokea watu waliofika mjini bila hata sufuria. Ingekuwa vibaya kuziita zote mashina ya chuki. Ubaya unaanza pale kabila linapogeuka kuwa cheti, yaani cheti cha kupata cheo au kiwanja, cheti cha kusamehewa ukiiba, na upande wa pili, cheti cha kuhukumiwa kabla hujasema neno.

Ukabila wa namna hiyo unaumiza yule anayebaguliwa, hilo halina ubishi. Kinachosemwa kidogo ni kwamba unamwibia pia yule anayedhani unamlinda. Ukifuata historia ya vita vyetu hatua kwa hatua, karibu kila mahali utakuta jambo lilelile: watu masikini wa makabila mawili wanakatana kwa panga juu ya udongo ambao hati yake iko mfukoni mwa mtu wa tatu.

Kabila moja, shefu mmoja, udongo mmoja

Wakoloni wa Kibelgiji hawakuumba makabila yetu. Kabla yao kulikuwa na bami, kulikuwa na vita, na kulikuwa na watu waliotumikishwa na wengine. Lakini kilichomfunga mtu na udongo hakikuwa damu tu. Kule Bushi, kwa mfano, mtu alitoa kalinzi kwa mwami au kwa mkubwa wa eneo, na kwa kalinzi hiyo akapata shamba ambalo watoto wake wangeweza kurithi. Alipata udongo na pia bwana wa kumtii. Desturi hiyo haikuwa ya haki kwa kila mtu, lakini ilikuwa na mlango.

Amri ya tarehe 5 Desemba 1933 juu ya maeneo ya kienyeji ilipanga mambo kwa namna nyingine. Serikali ya kikoloni ilitaka ramani safi: kabila moja, shefu mmoja, mipaka iliyochorwa. Aliyejikuta ndani ya mipaka ya kabila lingine akawa mgeni, hata kama babu yake alizaliwa pale. Na jamii ambazo hazikupewa shefu wao zikabaki zinamlipa shefu wa wengine na kungoja siku yao.

Kisha Wabelgiji haohao wakafanya kinyume cha ramani yao. Tangu mwaka wa 1937 hadi 1955, kupitia shirika walilolianzisha kwa kazi hiyo, waliwaleta watu kutoka Rwanda kwa makumi ya maelfu na kuwaweka Masisi, kwa sababu mashamba ya wazungu yalihitaji wafanyakazi. Wakawapa hata eneo lao la Gishari lenye shefu wao, halafu mwaka wa 1957 wakalifuta. Kwa hiyo Mhunde aliona udongo wake umegawiwa bila yeye kuulizwa, na Mnyarwanda wa Masisi akaona amepewa mahali halafu amenyang'anywa. Wote wawili walikuwa na sababu ya kukasirika, na aliyewakasirisha ni mmoja.

Uhuru haukurekebisha jambo hilo. Tarehe 5 Januari 1972 sheria ikawapa uraia watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wamekaa Kivu kabla ya mwaka wa 1950. Mwaka wa 1981 sheria nyingine ikaiondoa ile. Mtu alilala akiwa raia wa Zaïre, akaamka hajui yeye ni nani. Na katikati ya sheria hizo mbili, mwaka wa 1973, ikatoka sheria ya udongo ambayo, kwa maoni yangu, imeua watu wengi kuliko hotuba yoyote ya chuki.

Sheria hiyo ya Julai 1973 ilisema udongo wote ni wa serikali. Juu ya udongo wa vijiji, ule ambao watu wanalima kwa desturi, kifungu cha 389 kiliahidi kwamba amri ya Rais wa Jamhuri ingekuja kueleza haki za wakaaji. Miaka zaidi ya 40 ikapita bila amri hiyo kutoka. Ndani ya pengo hilo ndimo walipoingia wenye akili: ukiwa na makuta, rafiki Kinshasa na mtu katika ofisi ya vyeti, uliweza kuandikisha kilima kizima kwa jina lako na watu wakiwa juu yake.

Masisi ikajaa yale mashamba makubwa ya ng'ombe watu wanayaita ferme. Nani alikuwa mwenyewe? Hapa ndipo hadithi ya kabila inapovunjika. Walikuwamo wafanyabiashara wa Kitutsi, ndiyo, na hilo ndilo linalosemwa kila siku. Lakini walikuwamo pia wakubwa wa utawala wa Mobutu kutoka pande zote za inchi, na waliouza udongo wa vijiji mara nyingi walikuwa mashefu wa kimila wenyewe, wale wanaopaswa kuulinda kwa niaba ya mababu. Mkulima wa Kihunde alifukuzwa kwa sahihi ya shefu wake. Mkulima wa Kihutu alifukuzwa na ng'ombe walewale.

Wangeweza kwenda pamoja mbele ya hakimu. Lakini ilikuja miaka ya 1991 na 1992, mkutano mkuu wa taifa na habari za uchaguzi, na swali la nani ni raia na nani atapiga kura. Wanasiasa wa kila upande wakaona ni rahisi kuhesabu kabila kuliko kuhesabu hekta. Tarehe 20 Machi 1993, katika soko la Ntoto upande wa Walikale, vijana wenye silaha waliwashambulia watu wenye asili ya Rwanda, na moto ukaenea Masisi nzima. Ndani ya miezi michache maelfu ya watu walikuwa wamekufa, Wahunde na Wanyanga upande mmoja, Wahutu na Watutsi upande mwingine. Waliokufa wengi wao walikuwa na jembe. Wenye hati walikuwa Goma na Kinshasa, na baada ya vita hati zao zilikuwa bado halali.

Ituri: lugha moja, makaburi mawili

Kama kuna mahali panapoonyesha kwamba kabila halielezi vita, ni Djugu. Wahema wa kaskazini, wanaoitwa pia Wagegere, wanasema Kilendu. Walioana na Walendu tangu vizazi. Mtu asiyewajua akisimama barazani kwao hawezi kutofautisha kwa sikio.

Mwaka wa 1999 ugomvi ulianza tena na hati za udongo. Baadhi ya wenye mashamba makubwa wa Kihema, ambao walichukua nafasi ya wazungu baada ya mwaka wa 1973, walidaiwa kupanua mipaka yao katika eneo la Walendu Pitsi na kuwafukuza wakaaji kwa karatasi ambazo hawa hawakuwahi kuziona. Jeshi la Uganda lilikuwa limeikalia Ituri wakati huo, na kamanda wake, Jenerali James Kazini, akatangaza jimbo jipya na kumweka gavana Mhema. Katika macho ya Walendu, jambo likawa limekwisha: si mwenye ferme fulani, ni Wahema. Hadi mwaka wa 2003 Umoja wa Mataifa na mashirika ya haki za binadamu walihesabu zaidi ya wafu 50,000.

Sasa tuangalie walinzi walifanya nini kwa wale waliosema wanawalinda. Thomas Lubanga aliongoza UPC kwa jina la usalama wa Wahema. Mashirika ya haki za binadamu yaliripoti kwamba katika maeneo yake kila familia ilitakiwa kuchanga: ng'ombe, makuta, au mtoto. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu mwaka wa 2012 miaka 14 kwa kosa la kuwaingiza watoto wa chini ya miaka 15 katika jeshi, na watoto hao kwa sehemu kubwa walikuwa wa jamii yake mwenyewe. Mwaka wa 2025 alitangaza kundi jipya la silaha.

Upande wa Walendu hali haikuwa bora. CODECO, jina linaloogopesha Ituri yote leo, lilianza miaka ya 1970 kama koperative ya wakulima. Tangu mwisho wa mwaka wa 2017 limekuwa jina la makundi kadhaa ya wapiganaji. Usiku wa tarehe 1 kuamkia tarehe 2 Februari 2022 walishambulia kambi ya wahamaji ya Plaine Savo na kuua watu zaidi ya 60, watu ambao walikuwa wamekimbia tayari. Mwezi huohuo, serikali ilikuwa imewatuma viongozi wa zamani wa Kilendu, akiwamo Germain Katanga aliyetoka kutumikia kifungo cha mahakama hiyohiyo ya kimataifa, waende kuongea na vijana wao ili waweke silaha chini. Vijana wakawashika mateka. Wazee wa kabila, mashujaa wa vita vya kwanza, wakafungwa porini na watoto wa kabila.

Makundi hayo yaligawanyika, na leo yana majina tofauti na vizuizi tofauti vya barabarani. Upande wa Mongbwalu, kwenye dhahabu, kizuizi hakiulizi lugha ya mama yako, kinauliza makuta. Wahema nao wakaunda kundi lao lililochukua jina la Zaïre, na wanakijiji Walendu wasiokuwa na silaha wameuawa na kundi hilo kama vile Wahema wanavyouawa na CODECO. Hali ya dharura iliyoanza tarehe 6 Mei 2021 iliwapa wanajeshi utawala wa Ituri na Kivu ya Kaskazini, lakini hakuna mwanajeshi aliyetumwa kufungua faili za mashamba ya Djugu.

Minembwe na hesabu ya mipaka

Kule Kivu ya Kusini, tarehe 28 Septemba 2020, viongozi walikwenda Minembwe kumsimika meya wa komine ya vijijini. Komine hiyo ilikuwa imeundwa kwa amri ya serikali ya mwaka wa 2013, pamoja na komine nyingine nyingi katika inchi. Inchi nzima ikalipuka. Kwa Babembe, Bafuliiru na Banyindu ilikuwa ni kunyang'anywa udongo wa mababu. Kwa Banyamulenge ilikuwa ni mara ya kwanza kupata ofisi isiyo chini ya shefu wa wengine. Tarehe 8 Oktoba Rais Tshisekedi akatangaza kwamba anaifuta.

Msomaji na asitukasirikie: wote walikosea juu ya komine ni kitu gani. Komine ni ofisi ya utawala. Haigawi udongo kwa kabila, haiondoi desturi ya jirani. Ila sisi, kwa sababu ya ile ramani ya mwaka wa 1933 ambayo bado iko kichwani mwetu, tunaamini kwamba kila ofisi ni mali ya kabila fulani, na kila mpaka mpya ni ushindi wa mmoja na kushindwa kwa mwingine. Waliosimamia sherehe ile nao hawakuchukua muda wa kuwaeleza majirani chochote, na hilo si kosa dogo. Wakati huohuo, juu ya milima, vijiji vya kila jamii vilikuwa vinaungua na ng'ombe kuporwa kwa maelfu, na komine ipo au haipo, hakuna aliyerudishiwa ng'ombe wake.

Mwezi wa Desemba 2021, huko Lweba katika teritwari ya Fizi, afisa wa FARDC mwenye cheo cha meja, Munyamulenge, alikamatwa na vijana wakamuua. Alikuwa askari wa taifa, wa jeshi lilelile ambalo vijana hao wanasema wanalisaidia. Kila familia ya Banyamulenge iliyokuwa na mtoto jeshini ilisikia habari hiyo. Anayetaka kujua kwa nini propaganda ya waasi inapata masikio, aanzie hapo.

Hoja ya «lakini tumeshambuliwa»

Wengi watasema: maneno haya ni mazuri, lakini sisi tumevamiwa. Ni kweli. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara kadhaa juu ya askari wa Rwanda waliopigana pamoja na M23. Goma ilianguka mwisho wa Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari. Hatuwezi kuita hayo ugomvi wa majirani.

Lakini serikali ya Kigali ni kitu kimoja, na muuza maziwa wa Kitutsi wa Masisi ni kitu kingine. Kuchanganya hivyo viwili kunamsaidia nani? Kunamsaidia yule anayesema alichukua silaha kwa sababu watu wake wanachukiwa. Kila video ya WhatsApp inayomtukana mtu kwa pua yake ni zawadi kwake. Na kwa upande wa pili, kila mji ulioshikwa kwa jina la kulinda Watutsi umewaacha Watutsi wa kawaida wakiwa hatarini zaidi kuliko jana, maana majirani wanawahesabia wao mambo yaliyofanywa na wenye bunduki. Kinshasa nako walikuwako waliojaribu kupata faida: pendekezo la sheria lililotolewa mwaka wa 2021, kufuatana na mawazo ya Noël Tshiani, lilitaka cheo cha Rais kiwe cha mtu ambaye baba na mama ni Wakongomani. Halikupita, lakini lilitosha kuwafundisha watu kuchunguza mama za wenzao.

Kuna pia wanaodhani dawa ni kumweka mtoto wa kwetu juu. Tuhesabu basi. Kivu ya Kaskazini ilikuwa na magavana wa jamii ya Wanande mfululizo tangu mwaka wa 2007 hadi hali ya dharura ya mwaka wa 2021. Mauaji ya Beni, inchi ya Wanande, yalianza Oktoba 2014 na hayajakoma. Gavana hana jeshi, mtu atajibu, na ni sawa. Basi tumchukue aliyekuwa na jeshi, na hazina, na miaka 32. Mobutu alijenga Gbadolite, majumba na uwanja wa ndege wa kupokea ndege kubwa. Mwaka wa 1997 majumba yaliporwa, na leo majani yanaota ndani yake. Mkulima wa Ngbandi aliyekuwa anapiga makofi barabarani hakubaki hata na barabara.

Ndugu zetu wa Katanga wanalo somo lao, na tulipite kwa ufupi. Mwaka wa 1992 na 1993, wakati wa Nguza Karl-i-Bond na gavana Kyungu wa Kumwanza, watu wa Kasaï waliitwa wageni na kufukuzwa Likasi na Kolwezi. Mamia ya maelfu walihama, wengi wakilala vituoni wakingoja treni, na wengi walikufa njiani. Waliondoka na mafundi wa Gécamines na wa reli, walimu, waganga. Gécamines ilikuwa tayari inaanguka kwa sababu nyingine, tuseme haki, kama mgodi wa Kamoto uliobomoka mwaka wa 1990. Lakini kampuni iliyotoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980 ilitoa chini ya tani 50,000 katikati ya miaka ya 1990, na vyeo walivyoviacha wale «wageni» havikuwapa Wakatanga mishahara, maana mishahara yenyewe haikulipwa tena.

Na isidhaniwe ni ugonjwa wa mashariki peke yake. Huko Yumbi, Desemba 2018, Umoja wa Mataifa ulihesabu wafu wasiopungua 535 kati ya Banunu na Batende, na kilichowasha moto ni mazishi ya shefu mmoja: azikwe kwenye udongo wa nani. Kwamouth, mwaka wa 2022, vita vya Wateke na Wayaka vilitoka kwenye kodi ya mazao ambayo mashefu wa kimila walitaka kuipandisha kwa wakulima «waliokuja». Hapa tena, fungua mfuko wa kabila, utakuta ndani mfuko wa muhogo.

Sheria zipo

Hatukosi sheria. Tangu tarehe 7 Juni 1966 inchi hii ina sheria inayoadhibu ukabila na ubaguzi wa rangi. Katiba ya mwaka wa 2006, kifungu cha 13, inakataza mtu kunyimwa kazi ya serikali au masomo kwa sababu ya kabila lake, na kifungu cha 30 kinampa kila mtu haki ya kukaa anapotaka katika inchi. Ukiwauliza wakaaji wa mji wetu wowote kama wamewahi kumwona mkubwa akihukumiwa kwa sheria ya 1966, utangoja jibu muda mrefu. Katiba hiyohiyo, kifungu cha 90, inataka serikali iwe na sura ya taifa zima. Wazo si baya, ila Kinshasa imeligeuza kuwa kugawana vyeo: kila jimbo mtu wake, na mtu huyo akiiba, jimbo lake linaandamana kumtetea. Mitualite inatoa tangazo, wazee wanakwenda kwenye redio, na kesi ya makuta ya hospitali inageuka kuwa kesi ya heshima ya kabila. Hospitali yenyewe ni ya watu walewale waliotoa tangazo.

Hapo ndipo mitualite zinaweza kufanya jambo moja ambalo halihitaji Washington wala Doha. Zikatae kumtetea mwizi. Zitetee shamba la mtu wa kwao dhidi ya shefu wa kwao aliyeliuza. Ni kazi ngumu kuliko kuandika tangazo dhidi ya jirani, kwa sababu shefu huyo anakaa meza ya mbele kwenye sikukuu yao.

Kwa upande wa kurudi kwa wakimbizi, si mara ya kwanza tunajaribu. Makubaliano ya tarehe 23 Machi 2009 kati ya serikali na CNDP yaliweka kamati za upatanisho za mahali, za kusuluhisha migogoro ya udongo kabla watu hawajafika na mizigo yao. Kamati hizo zilipangwa kwa kabila: viti vya huyu, viti vya yule. Katika hali ya wakati ule ilikuwa vigumu kufanya vingine. Lakini kamati iliyopangwa hivyo inakuja na majibu yake tayari, kila mmoja amekuja kushinda kwa ajili ya wa kwao, na hati ya ferme iliyoandikwa mwaka wa 1975 haiwekwi mezani.

Wakati huu ingefaa kuanza upande mwingine. Kwanza ofisi ya vyeti vya udongo ya Masisi na ya Djugu itundike ukutani orodha ya mashamba makubwa: jina la mwenyewe, mwaka, hekta, nani aliyeuza. Kila mkaaji aisome. Ninaamini baada ya orodha hiyo Mhunde na Mhutu wengi wangejikuta wamesimama upande mmoja wa meza, na Mlendu na Mhema wa Djugu vilevile.

Pili, wapo wazee wanaojua mti wa mpaka ulisimama wapi na nani alilima upande gani wa mto kabla ya mwaka wa 1993, kabla ya 1999. Baadhi yao walivuka Ziwa Albert mwaka wa 2018 na wako Kyangwali, Uganda. Wengine wako Kiziba, Rwanda, tangu 1996. Wengine wanapanga chumba Goma au Bunia. Wanazeeka, na hakuna mahali katika karatasi za Washington na Doha panaposema nani atakwenda kuwauliza.